Mwiko wa Mpishi wa Kiwanda cha Mbao

Pale maabara ya serikali hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza kumwita Bi Tone. Jina lilimganda kwa sababu ya mkono wake. Mpe mrija wa kioo, umwambie matone ishirini, atakudondoshea ishirini, si kumi na tisa wala ishirini na moja, huku akipiga soga na mtu aliye nyuma yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwembamba, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa hadi ukilinyanyua unaona mwanga upande wa pili. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake ilikuwa kuandaa sampuli kabla hazijapimwa, na mara nyingi kuzipima yeye mwenyewe. Ikiletwa nyama inayoshukiwa, aliisaga. Ukiletwa udongo, aliuloweka kwenye spiriti, akauchuja, akayachemsha yale maji yake taratibu mpaka ukabaki ukoko mwembamba chini ya chupa, na ukoko huo ndio uliopimwa. Siku mbili za kazi kwa jibu la mstari mmoja. Mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye ni mpishi wa ajabu, anapika siku mbili halafu mlaji analamba mara moja tu na kuondoka.

Ndipo ikaja mashine mpya.

Ilifika ndani ya sanduku la mbao, pamoja na mhandisi wa kuifunga, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyepewa wiki mbili za kuwafundisha. Kwa sura haikuwa na makuu: kabati la chuma lenye kimo cha jokofu, pampu iliyonguruma chini ya meza mchana kutwa, na upande wa mbele kijimdomo cha chuma kilichokaa wazi hewani. Mbele ya kijimdomo hicho palikuwa na bomba lililopuliza gesi ya moto. Ukikibana kitu kwa kibanio, kiwe kidonge, jani au kipande cha kitambaa, ukakishika pale katikati, gesi ilibandua chembe zake za juu na kuzitia chaji ya umeme, mdomo ukazivuta ndani, na mashine ikazipima uzito. Kwenye skrini vilisimama vilele vyembamba, kila kimoja uzito wa kitu chake. Sekunde tano, jibu hilo hapo.

"Na kuandaa je?" Bi Tone aliuliza.

"Hakuna kuandaa, mama," mhandisi akajibu kwa upole. "Huo ndio uzuri wake."

Wenzake wawili wakacheka, kisha wakamwona usoni, wakanyamaza. Bi Tone alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, akajiambia afadhali imekuja wakati yeye anafunga virago kuliko ingemkuta katikati ya safari.

Siku ya tatu mhandisi akasema mashine lazima ijaribiwe kwa mambo ambayo majibu yake yanajulikana. "Nileteeni vitu ishirini mlivyowahi kupima," akasema. "Tuone kama itakubaliana na madaftari yenu." Chumba cha nyuma palikuwa na kabati la ushahidi, lililojaa vitu vya kesi zilizokwisha, vikingoja kuchomwa moto. Bi Tone alilijua kabati lile kuliko alivyolijua jiko lake. Akaingia na kikapu, akachagua vitu ishirini, akavipanga mezani: kipande cha gunia, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoghushiwa, skafu yenye mafuta ya taa, na vinginevyo. Miongoni mwavyo mlikuwa na mwiko uliofungwa kwa karatasi ya kaki, na lakiri nyekundu juu ya kamba. Nambari 114.

Kesi yenyewe ilikuwa ya miaka kumi na tisa nyuma. Wafanyakazi watatu wa kiwanda cha mbao waliugua baada ya kunywa supu ya asubuhi, na mmoja wao, kijana wa miaka ishirini na minne, akafa kabla jua halijatua. Polisi walileta supu iliyobaki sufuriani na mwiko uliotumika kuikorogea. Bi Tone aliiandaa supu, akaipima, akakuta dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Kwenye stoo ya jiko kopo la dawa kama hiyo lilikutwa limekaa jirani na kopo la chumvi. Mpishi alifungwa miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Mwiko haukupimwa kamwe. Kwa njia za zamani wangelazimika kuukata vipande na kuuloweka, na supu ilikuwa imekwisha kutoa jibu.

Vitu kumi na tisa vilikubaliana na daftari bila ubishi. Mwiko ukakataa.

Mhandisi aliuweka mbele ya bomba upande wa kukorogea. Vilisimama vilele vya mafuta, vya kitunguu, vya moshi. Vya dawa havikuwepo. Akaugeuza. Akachonga kijiti kutoka ndani kabisa, mahali ambapo mti hunywa na hautapiki, akakishika hewani. Hapana kitu. Bi Tone akaleta kichupa cha supu iliyosalia bila kuandaliwa, sasa imekauka kuwa unga wa kahawia, nacho nambari 114. Hapana kitu.

Mkuu wa maabara aliitwa. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mitano, ambaye Bi Tone mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mrija alipoanza kazi, na mpaka leo wakiwa wawili alimwita shangazi. Akaitazama skrini, akatabasamu.

"Itakuwa imeshapotea hewani, shangazi. Miaka kumi na tisa! Hata chuma kinaoza."

Bi Tone alichukua kile kipande cha gunia, nambari 113, kilichotoka kwenye ghala la shamba fulani. Kililetwa maabarani siku mbili kabla ya supu, kikakaa rafu ileile miaka ileile, na dawa yake ilikuwa ya aina ileile. Akakishika mbele ya bomba kwa mkono wake mwenyewe. Kilele kikapanda hadi juu ya skrini, kikasimama kama mlingoti.

"Hii haijapotea," mhandisi akasema, bila kujua anasema nini.

Bi Tone aliomba daftari la mwaka ule, akaenda nalo dirishani. Mwandiko ulikuwa wake wa zamani, wenye mikia mirefu. Kwenye mstari wa 114 palikuwa na tarehe, uzito wa supu, jina la dawa, na katika safu ya mwisho alama ya vema kwa wino wa buluu. Safu hiyo iliitwa "chombo kitupu". Sheria ilikuwa kwamba kabla ya kuipima sampuli unaipitisha spiriti tupu kwenye chupa ileile na kuipima peke yake, ili kuthibitisha kuwa chupa ni safi. Ukiona hakuna kitu, unatia alama.

Akaikumbuka siku ile yote, kana kwamba mtu amefungua dirisha. Maji yalikuwa yamekatika siku tatu. Chupa za kukaushia zilikuwa zimebaki mbili tu zinazofaa, na moja ndiyo iliyokaushia dawa ya lile gunia muda mfupi uliotangulia. Aliisuuza kwa spiriti kidogo, akaitikisa, akaitazama kwenye mwanga, akaiona inang'aa. Mpelelezi alikuwa amekaa mlangoni akitikisa goti, anataka jibu kesho yake bila kukosa. Bi Tone hakuwa na mgonjwa nyumbani wala dharura yoyote. Alikuwa amechoka tu, na njaa inamuuma. Akatia alama ya vema kwa kipimo ambacho hakukifanya, akaimimina supu ndani ya ile chupa.

Akakaa juu ya kreti la chupa, daftari mapajani, mpaka watu wakaanza kuvua makoti.

*

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni palepale wanapopokelea wageni. Jioni ile aliinua macho kutoka kwenye pindo la suruali, akamwona mkewe kasimama mlangoni na mkoba haujashuka begani.

"Vipi, wamekupa machozi ya kuagwa kabla ya siku yenyewe?"

"Mume wangu, nimemfunga mtu."

"Wewe?" Akacheka. "Wewe hata kuku hujapata kumfunga kamba."

Kisha akaona hakuna mzaha, akauzuia mguu wake juu ya pedali. Bi Tone akamweleza yote, la maji, la chupa, la alama. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akakwaruza ndevu zake.

"Sasa sikiliza, mama watoto. Miezi minne. Nyamaza, staafu kwa heshima yako, umtubie Mungu wako chumbani. Yeye anasikia."

"Mungu anajua tangu siku ile. Asiyejua ni yule mpishi."

"Na ukimwambia, atarudishiwa miaka yake?"

"Hatarudishiwa."

"Basi?"

Bi Tone aliingia jikoni, akasimama mbele ya beseni la vyombo, akaosha sufuria moja mara tatu.

Jumatano aliomba ruhusa, akaenda mahakamani kwa karani wa majalada. Katika jalada palikuwa na jina la mdhamini: dada mkubwa wa mpishi, na mtaa anakokaa, mwendo wa saa tatu kwa basi. Jumamosi asubuhi akasafiri.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili yenye ua wa nyuma, na ua mzima ulikuwa kamba za nguo. Mashuka ya watu, sare za shule, mashati ya ofisini. Chini ya kibati alisimama mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, akipiga pasi ya mkaa. Kwenye kigoda kando yake alikaa mwingine, mkubwa zaidi, akishona vifungo vilivyong'oka.

"Hodi."

"Karibu. Umeleta nguo?" aliuliza yule wa kigodani.

"Sikuleta nguo. Natoka maabara. Mimi ndiye niliyepima ile supu."

Hakuna aliyeuliza supu gani. Dada mkubwa aliweka sindano chini. Bi Tone hakungoja kukaribishwa kukaa, aliogopa akikaa ulimi utamganda. Akasema yote akiwa amesimama juani: mashine mpya, mwiko, gunia, chupa chafu, alama ya uongo. Alitumia maneno mepesi, kama anayemweleza mtoto. Alipomaliza, dada mkubwa aliruka kutoka kigodani, akapiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Nilisema! Sikusema mimi? Niliwaambia polisi, nikamwambia hakimu, nikamwambia mume wangu! Mdogo wangu hawezi kuchanganya makopo, ana macho ya mwewe huyu!"

Mpishi mwenyewe aliendelea kupiga pasi. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaukunja. Ndipo akaisimamisha pasi juu ya tofali.

"Niliitia mimi," akasema.

"Hapana, dada. Haikuwemo. Nakuambia haikuwemo."

"Niliitia kwa mkono huu. Ilikuwa alfajiri, taa imefifia, nikachota kopo lisilo lake. Nimeuona mkono wangu ukichota mara ngapi? Kila siku nauona."

"Mwanzoni hukusema hivyo," dada yake akadakia. "Kwenye kesi ulikana!"

"Mwanzoni nilikana. Mwaka mzima nilikana, silali, nawaza, kama si mimi ni nani? Nikaona nitapata wazimu. Mwaka wa pili nikakubali kwamba ni mimi, nikalala." Akamgeukia Bi Tone. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza mgeni. "Nilipotoka nilikwenda kwa mama wa marehemu kumwomba radhi. Siku ya kwanza alinimwagia maji. Ya pili akanifungia mlango. Nikawa naenda kila Alhamisi, naomba nimfulie. Mwaka wa tatu akanipa shuka moja. Sasa ni miaka tisa namfulia, na ananiita mwanangu. Haya, niambie. Alhamisi niende nikamwambie nini?"

Bi Tone aliuhamisha mkoba wake kutoka bega hili hadi lile.

"Mtoto wake aliuawa na nini?" mpishi akauliza.

"Sijui."

"Mashine haijui?"

"Mashine inasema kwenye mwiko hapakuwa na dawa. Kilichomwua haikuulizwa, na hakuna tena cha kuiuliza. Huenda ni maradhi aliyokuwa nayo. Huenda nyama ilikuwa imeharibika."

"Nyama niliinunua mimi."

"Nimesema huenda, dada."

"Basi bado ni mimi." Akaichukua pasi, akaipuliza majivu. "Hebu niambie ukweli, mama. Umekuja kunitua mzigo, au kuutua wako?"

Bi Tone alitazama chini, kwenye maji ya sabuni yaliyokuwa yakitafuta njia kati ya mawe.

"Labda wangu," akasema.

"Afadhali umesema." Na mpishi akatandika shati jingine.

Dada mkubwa alimfuata mpaka barabarani. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akambana hasa.

"Usimsikilize huyu. Mimi naitaka hiyo karatasi. Mume wangu alisema nichague, yeye au mdogo wangu, nikachagua. Wanangu wamekua wakizomewa shuleni kwamba mama yao mdogo ni muuaji. Uiandike. Uiandike kwa mkono huohuo uliotia alama."

*

Aliiandika Jumatatu, kurasa mbili, akampelekea mkuu mkononi. Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kukubali. Alipofika ukurasa wa pili, kwenye alama ya vema, kichwa kikatulia.

"Shangazi, huu wa kwanza tunaweza kuupeleka. Mashine mpya imeona hivi, sampuli ni ya zamani, mahakama itazame. Lakini huu..." Aliugusa kwa ncha ya kidole kama sahani ya moto. "Ukisema ulitia alama bila kupima, kila wakili nchini atauliza alama nyingine je? Za kwako, za kwangu, za wote uliotufundisha."

"Wana haki ya kuuliza."

"Miaka kumi na tisa umekaa kimya. Kwa nini sasa?"

"Sikujua kama jibu lilikuwa baya. Lakini alama niliijua siku ileile. Ningeuliza zamani, ningejua zamani."

Mkuu alivua miwani, akajifuta macho. Bi Tone hakujua kama ni uchovu au ni kitu kingine. "Nitalazimika kukusimamisha kazi," akasema. "Unaelewa? Mimi, nikusimamishe wewe."

"Naelewa, mwanangu."

Basi ndivyo alivyotoka katika jengo lile, mchana wa Jumatatu, na mkoba wake wa kila siku. Hapakuwa na keki wala hotuba. Wiki iliyofuata dereva wa ofisi alimletea koti lake na kikombe chake ndani ya mfuko wa plastiki, akavitua kizingitini, akasema ana haraka. Wenzake aliokula nao miaka nenda miaka rudi walimwona sokoni wakageukia mizani za nyanya. Mmoja tu, mfagiaji, alimsimamisha akamwuliza hali, kisha akamnong'oneza kwamba wanaume kule ofisini wanasema amezeeka akili.

Sampuli zote alizoziandaa mwaka ule, zile zilizokuwa bado kabatini, zilipitishwa mbele ya bomba la mashine. Zilichukua siku moja na nusu. Zote zilikubaliana na daftari. Bi Tone alipopata habari hiyo alidhani ataona nafuu. Hakuona. Lau zingekosewa nyingi, angesema alikuwa mtu mzembe, ndivyo alivyoumbwa. Kumbe alikuwa mwangalifu miaka yote, akazembea asubuhi moja, na asubuhi hiyo ndiyo iliyomwangukia mtu.

Mahakama ilichukua miezi kumi na mmoja. Siku ya hukumu Bi Tone alikaa benchi la nyuma. Dada mkubwa alikuja amevaa vizuri, mpishi hakuja. Jaji alisoma kwa dakika chache, sauti moja, kama anayesoma orodha ya vifaa: ushahidi wa kitaalamu uliotegemewa hauwezi kusimama, hukumu inatenguliwa. Kisha akaitwa mtu mwingine wa kesi nyingine. Dada mkubwa alitoka na karatasi yake kifuani, akapita mbele ya Bi Tone, akasita, akampa mkono. Hakusema asante, na Bi Tone hakuwa ameitegemea.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni redio. Habari ilisomwa kesho yake mchana, Jumatano, na mama wa marehemu alikuwa anasikiliza. Mpishi hakuwa amemwambia kitu. Alikuwa akingoja siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikuja. Alhamisi alipofika na beseni lake alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Alibisha, akaita, akakaa kizingitini hadi adhuhuri. Wiki iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata.

Dada mkubwa ndiye aliyekuja kumwambia Bi Tone. Alikaa sebuleni, kando ya cherehani, akakataa maji.

"Karatasi nimeitia fremu," akasema. "Iko ukutani. Mdogo wangu anapita chini yake kama hapaoni. Hali chakula. Sikuja kukulaumu, mimi ndiye niliyeitaka. Lakini wewe ni mtu wa kusoma. Kamwambie yule mama kitu."

Mume wa Bi Tone alitaka kumzuia, akaona uso wake, akamshonea kifungo cha koti kilicholegea na kumwacha aende.

Mama wa marehemu alikaa peke yake, nyumba ya chumba na ukumbi, pazia safi dirishani. Alifungua mlango nusu. Alikuwa mdogo wa umbo, macho yamefifia, na alimsikiliza Bi Tone akiwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyesema ni sumu?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unasema si sumu."

"Ndiyo, mama. Kosa lilikuwa langu. Yule hakukudanganya, yeye mwenyewe aliamini. Kama ni kuchukia, nichukie mimi."

Bibi alimtazama usoni, kama anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Miaka yote ile nilikuwa na mtu wa kumchukia," akasema. "Nikachoka kumchukia, nikampenda. Kazi kubwa ile, nilimaliza. Wewe nikuchukie vipi? Sikujui." Akavuta pumzi. "Mwanangu alikufa na nini?"

"Sijui, mama."

"Basi siku ukijua, uje."

Akafunga mlango pole pole, si kwa hasira, kama mtu anayefunga kwa ajili ya upepo. Bi Tone alisimama pale hadi aliposikia viatu vyake vikiburuzwa ndani, vikienda mbali.

Hakupata cha kumrudishia. Alitafuta. Aliandika barua hospitali alikofia kijana, akajibiwa kwamba majalada ya miaka ile yaliharibiwa na maji ya mvua. Alimtafuta mmoja wa wale wawili waliopona, akaambiwa amehama, wa pili akasema hakumbuki ila tumbo lilimkata na supu ilikuwa tamu. Aliishia hapo.

Msimu wa mvua ulipokaribia kwisha, dada mkubwa alipita tena, safari hii njiani kuelekea kwingine, akasimama nje tu na mwavuli wake.

"Amefungua?" Bi Tone akauliza.

"Mlango hajafungua. Lakini Alhamisi mbili sasa anazitupa nguo kupitia dirishani. Furushi linaanguka nje, dirisha linafungwa."

"Na mdogo wako anasemaje?"

"Hasemi. Analiokota, anakwenda kufua. Jioni anarudisha, analiweka juu ya kizingiti, anaondoka." Akautikisa mwavuli maji. "Juzi kulikuwa na gauni la kulalia limepasuka begani. Akaniletea nilishone. Nikamwuliza, ametuma salamu? Akaniambia, shona."

Kisha akasema amechelewa, akavuka barabara, na Bi Tone akabaki mlangoni akitazama matope yakijaza nyayo zake.